Kumwandaa Dereva Mpya wa Lori la Chama

Mazungumzo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya Makatibu, Wajumbe wa Kamati na Wanachama wa vyama vya msingi, Morogoro



Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo halianzii katika vitabu vya hesabu, lakini kila mwaka huishia humo. Nalo ni namna ya kumwandaa kijana ambaye hajapata kuendesha lori, hata aweze kusimama mbele ya mtahini wa Polisi wa Usalama Barabarani, akajaribiwa, akafaulu, kisha akakabidhiwa funguo za gari la chama. Wako watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya shule za udereva, si ya ushirika. Mimi naona ni kazi yetu, kwa sababu hakuna mali nyingine ya chama cha msingi yenye thamani kama ile ambayo mtu mmoja huondoka nayo peke yake. Mtunza fedha hufungua kasha mbele ya mwenzake, na hundi hutiwa sahihi na watu zaidi ya mmoja. Lakini dereva huondoka Langali alfajiri na mazao ya wanachama themanini, na hakuna mtu wa kutia sahihi ya pili penye kona.

Desturi niliyoikuta katika vyama vingi ni hii. Kamati hushughulikia ununuzi wa gari kwa bidii kubwa: mkutano mkuu huitishwa, ukomo wa madeni huombwa kwa Mrajis, ankara za wauzaji hulinganishwa, na kila mwanachama hujua bei ya gari. Juu ya dereva hakuna anayeuliza mpaka wiki moja kabla ya msimu. Hapo ndipo hutafutwa mtu wa mbali, ambaye hadai mshahara mdogo wala hajui njia zetu, au funguo hupewa yule tingo aliyekuwa akipanda nyuma ya gari la mfanyabiashara fulani, ati kwa kuwa ameona mengi.

Kwa upande wangu, kama ningeulizwa nichague, ningemchagua tingo. Anajua kufunga turubai, anajua kuweka kigingi nyuma ya tairi gari likikwama, anajua gunia lililolowa lina uzito gani, na anajua ni nyumba ipi ya njiani yenye watoto wanaokimbilia magari. Elimu hiyo haifundishwi darasani. Lakini aliyojifunza kwa kutazama ameyajifunza pamoja na makosa ya yule aliyemtazama, na wala hakuna aliyemwambia lipi ni kosa na lipi ni ustadi. Kwa hiyo tingo ni mwanafunzi mzuri, lakini bado ni mwanafunzi. Na ninaposema kijana, sikusudii wavulana pekee. Chama chenye binti mwenye macho mazuri na moyo uliotulia kisimwache nyuma kwa sababu ya kanga.

Sasa tuangalie njia yenyewe. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, pamoja na marekebisho yake, haimruhusu mtu kushika usukani barabarani bila leseni ya daraja la gari analoliendesha. Anayeanza hupata kwanza leseni ya muda ya kujifunzia, hufunga bango la herufi L mbele na nyuma, na hukaa pamoja na mwalimu mwenye leseni. Akiisha kufundishwa hupelekwa kwa mtahini wa Polisi, akishinda hupewa cheti cha ujuzi, na kwa cheti hicho hulipia leseni yake Mamlaka ya Mapato. Magari ya kawaida yasiyo ya biashara ya abiria wala malori makubwa yako katika daraja D. Malori makubwa ya mizigo yako katika daraja E. Mtu hapandi moja kwa moja mpaka E kama apandaye ngazi kwa kuruka vipandio. Hutakiwa kwanza awe ameendesha magari madogo kwa leseni halali, na muda unaotakiwa uulizwe kwenye ofisi ya usalama barabarani kabla chama hakijalipa hata shilingi moja ya ada ya shule.

Maana yake, Ndugu Makatibu, ni rahisi nayo ni chungu: kijana anayeanza leo hatabeba mazao ya msimu huu. Huenda asibebe hata ya msimu ujao. Kamati inayotaka dereva wake wa nyumbani hapana budi imwanzishe mapema, imwache aendeshe pikapu ya chama au gari dogo la huduma, na msimu wa sasa ikodi dereva mzoefu. Kukodi dereva mzoefu kwa mwaka mmoja au miwili si hasara, maana huyo ndiye atakayekuwa mwalimu wa pili wa kijana wenu. Liandikwe tu katika makisio, mkutano mkuu ulipitishe, mambo yawe wazi.

Kuhusu mwalimu wa kwanza, hatuna sababu ya kuhangaika mbali. Hapa mjini petu kipo chuo cha VETA cha Kihonda, na Dar es Salaam kipo Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichoanzishwa mwaka 1975. Ziko pia shule za watu binafsi, nyingine nzuri. Katibu anayemtafutia kijana shule asiulize bei kwanza. Aulize hivi: Je, mwanafunzi atafundishwa ndani ya lori, au atafundishwa ndani ya gari dogo na kuonyeshwa lori? Ataendesha kwa saa ngapi mikono yake ikiwa juu ya usukani, mbali na zile saa za kukaa kiti cha nyuma akiwatazama wenzake? Shule inayojibu maswali hayo kwa kigugumizi haifai, hata ikiwa nusu bei. Na shule inayoahidi cheti pasipo mtihani hiyo si shule hata kidogo. Cheti cha kununua humridhisha askari wa njiani kwa siku moja. Ajali ikitokea, kampuni ya bima itauliza dereva alikuwa na leseni ya daraja gani na aliipataje, na haina sababu ya kukilipa chama kilichomkabidhi gari mtu asiyestahili. Hapo deni la lori hubaki kwa wanachama, ilhali lori lenyewe liko bondeni.

Mtihani kwa kawaida huwa na sehemu ya maswali na sehemu ya vitendo. Sehemu ya maswali ni ya alama na kanuni: alama za pembetatu hutoa onyo, za duara hutoa amri au katazo, na za mstatili huelekeza. Kijana aliyesoma mpaka darasa la saba huzijua zote kwa wiki tatu akizisoma kila jioni. Azijue kwa maana zake, kwani mtahini hupenda kuuliza "kwa nini". Ajue kwamba gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 halipaswi kuzidi kilometa 80 kwa saa hata barabara ikiwa nyeupe mbele yake, na katika makazi ya watu kilometa 50. Ajue kwamba akiingia kipilefti humpisha aliyekwisha kuwamo, atokaye kuliani kwake. Hapo Msamvu, panapokutana njia za Dar es Salaam, Dodoma, Iringa na ile ya mjini, pana mafunzo ya bure kwa yeyote atakayesimama pembeni kwa nusu saa na kutazama nani anaonyesha indiketa na nani anasahau. Ajue pia kusimama penye makutano ya reli, azime redio, asikilize. Sina haja ya kukaa sana hapa.

Sehemu ya vitendo huanza kabla injini haijawashwa, na hapa ndipo wanaoanza wengi hupoteza alama. Dereva huzunguka gari. Hutazama tairi zote, pamoja na zile za ndani zisizoonekana kwa urahisi, kama zina upepo na kama hazikukatika. Huinama na kutazama chini kama pana mafuta yaliyovuja. Hupima oili na maji injini ikiwa baridi. Hujaribu taa zote, honi na vioo. Huangalia kama nati za magurudumu zimekaza, kama kuna pembetatu za tahadhari, kizimamoto, jeki na kigingi. Kwa gari lenye breki za upepo huwasha injini, hungoja geji ya upepo ipande, hukanyaga breki na kusikiliza kama kuna mahali panapovuja, na hutoa maji yanayokusanyika chini ya matangi ya upepo. Kazi yote hiyo haizidi dakika 15. Mwanafunzi aifanye kila siku, kwa utaratibu uleule, aanzie mahali palepale, mpaka mwili wake ukumbuke hata siku ambayo mtahini amesimama nyuma yake na moyo unamdunda. Nimeona katika chama kimoja ukaguzi huu umeandikwa kwa rangi ndani ya mlango wa dereva. Ni jambo dogo la kusifiwa.

Kisha kurudi nyuma. Gari dogo hurudishwa kwa kugeuza shingo, bali lori hurudishwa kwa vioo, na vioo havionyeshi kila kitu. Uwanja wa mpira wa kijiji unafaa sana kwa zoezi hili, siku isiyo na mechi. Simikeni fito nne, njia kati yake iwe upana wa gari na hatua moja kila upande, kijana arudi humo polepole mpaka asiguse ufito. Akiweza, punguzeni nafasi. Mfundisheni akubaliane na tingo wake juu ya ishara za mikono kabla gari halijatembea, na awe na kanuni moja isiyovunjwa: asipomwona tingo kiooni, husimama. Asiendelee kwa kudhani tingo yuko upande wa pili. Na kushuka mwenyewe kutazama nyuma ya gari si aibu, wala mtahini mwenye akili hatamcheka kwa hilo. Katika ghala zetu nyuma ya gari huwa na watoto, mbuzi na akina mama wenye mizigo kichwani.

Ndugu Wanachama, yote niliyosema mpaka hapa yanatosha kumfikisha kijana kwenye cheti. Jambo linalonitia wasiwasi ni lingine. Mtihani aghalabu hufanyika katika barabara za mjini, ambazo ni tambarare, na gari huwa tupu. Kazi yetu sisi iko milimani, na gari limejaa. Gari tupu na gari lenye mzigo ni magari mawili, hata kama nambari ni moja. Madereva wa barabara kuu hutishana kwa habari za Kitonga, huko Iringa, nao wana haki. Lakini Kitonga ni njia ya lami. Njia zetu za kutoka Mgeta, Kinole au Matombo nyingi ni za udongo, nyembamba, zina kona juu ya kona, na wakati wa masika udongo wake huteleza kama sabuni.

Naomba mnifuate kidogo katika hesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yangu. Mji wa Morogoro uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari. Vijiji vya juu vya Mgeta, kama Nyandira, viko juu ya mita 1,500. Basi gari likitoka huko kuja mjini hushuka mita 1,000. Tuchukue gari la kiasi tu, lenye uzito wa tani 8 pamoja na kabichi, njegere na viazi vyake. Nguvu ya uzito huo katika kushuka mita 1,000, ikigeuzwa yote kuwa joto, inatosha kuchemsha zaidi ya debe 11 za maji baridi, debe la lita 20. Joto hilo halina budi liende mahali. Sehemu huchukuliwa na upepo na tairi, sehemu huchukuliwa na injini ikiwa imeunganishwa na magurudumu kwa gia ndogo, na inayobaki huingia katika breki. Dereva anayeweka gia huru, ile ambayo madereva huiita nyutro, ameitoa injini katika kazi hiyo. Karibu mzigo wote wa joto anautupia breki. Breki zikipata joto kupita kiasi hazishiki tena. Unazikanyaga, mguu unafika chini, na gari linaendelea. Si kwamba breki zimekatika, la. Zimechoka kwa moto, na zikipoa zitashika tena, lakini kona haingoji zipoe.

Ndiyo maana kanuni ya zamani ya madereva wa milimani ingali ni kweli: mlima ushukwe kwa gia ileile ambayo gari lingeupandia, au ya chini yake. Na gia hiyo ichaguliwe kileleni, gari likiwa limesimama au linatambaa, kwa maana katikati ya mteremko gia ndogo hukataa kuingia, na aliyeitoa ile kubwa hujikuta hana gia yoyote. Injini ikivuma, iache ivume, mradi isizidi kiwango chake. Kama gari lina breki ya ekzosi, itumike. Breki ya mguu ikanyagwe kwa uthabiti hadi mwendo upungue, kisha iachiwe ipate kupoa, isiwe mguu umelala juu yake kutoka kileleni hadi bondeni. Kwa breki za upepo kuna hatari ya pili: anayekanyaga na kuachia, kanyaga na kuachia, kwa haraka haraka, huumaliza upepo kabla pampu haijaurudisha. Na kwa magari madogo yenye breki za mafuta, yule anayezima injini kabisa ili ateremke bure huondoa pia msaada wa breki na wa usukani. Gari huwa gumu kama jiwe, nalo linashuka.

Sasa nitasema neno ambalo baadhi ya kamati hazitalipenda. Kwa nini dereva anaweka nyutro? Si kwa ujinga tu. Nimekagua vyama ambamo dereva husifiwa mbele ya mkutano kwa kurudisha dizeli, na vingine ambamo hukatwa mshahara dizeli ikizidi makisio, makisio yaliyoandikwa na watu ambao hawajapata kukaa kiti cha mbele kutoka Nyandira. Katika daftari moja la mafuta niliona safari za kushuka zilizotumia dizeli kidogo mno. Katibu alinionyesha kwa fahari. Nilimwuliza kama amepata kumwuliza dereva alishukaje, akanyamaza. Na hasara yote hiyo ya hatari ni ya bure, kwa sababu injini ya dizeli inaposukumwa na magurudumu, mguu ukiwa nje ya mafuta, haihitaji dizeli ya kutajwa. Aliyeshuka na gia ndogo na aliyeshuka na nyutro tofauti yao katika tangi ni ndogo sana. Tofauti yao iko kwenye breki. Basi kamati zisimtie kijana majaribuni. Kipimo cha dizeli kiwe cha safari nzima, kwenda na kurudi, kwa wastani wa mwezi, wala asisifiwe mtu kwa kushuka kwa bei nafuu.

Kwa hiyo kijana afanye mazoezi ya mlima kabla ya kukabidhiwa gari, na ayafanye kwa hatua. Kwanza gari tupu, pamoja na dereva mzoefu. Kisha nusu mzigo. Kisha mzigo kamili. Wala msimpe mazao ya wanachama kwa zoezi hilo. Jazeni magunia mchanga, kwa sababu mchanga hauozi wala hauna mwenyewe wa kulalamika. Afanye pia zoezi la kuondoka mlimani, ambalo mtahini naye hulitaka: breki ya mkono imeshika, klachi inaachiwa mpaka gari linajisikia kutaka kwenda, ndipo breki ya mkono inaachiliwa, gari lisirudi nyuma hata shubiri. Kwa gari tupu hili hujifunzwa kwa siku moja. Kwa mzigo kamili katika udongo wa masika laweza kuchukua wiki mbili, na tingo awe karibu na kigingi chake siku zote hizo, akae ubavuni, asikae nyuma ya tairi.

Juu ya mzigo sitamaliza bila kuitaja lumbesa. Sisi sote tunajua kwamba sheria ya vipimo inaikataza, na tunajua kwamba humwibia mkulima. Leo nataka muione kwa macho ya dereva. Tuseme gari linaruhusiwa kubeba tani 7, na katibu ameandika magunia 70 ya kilo 100. Ikiwa kila gunia limevimba likafika kilo 130, dereva amepakiwa tani 9 na kilo 100 bila yeye kujua, na kimo cha mzigo kimepanda, hata gari huyumba penye kona. Kijana aliyefundishwa kwa tani 7 hakufundishwa gari hilo. Huko mbele barabara kuu ina mizani, kama ile ya Mikese. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitumia mwaka 2019, inaruhusu tani 8 kwa ekseli ya mbele ya usukani na tani 10 kwa ekseli moja ya nyuma yenye tairi nne, yaani tani 18 kwa lori la ekseli mbili, gari na mzigo pamoja. Faini ya kuzidisha hulipwa na mwenye gari, na mwenye gari ni nyinyi. Dereva apewe haki, kwa maandishi, ya kukataa mzigo uliozidi, na mjumbe wa kamati asiwe na uwezo wa kumwamuru vinginevyo kwa sababu gunia la juu ni la shemeji yake.

Mtihani ukikaribia, kijana apumzike. Asafiri na gari lililokaguliwa, macho yake yawe yamepimwa hospitalini mapema na si asubuhi ile, asiguse pombe siku ya kuamkia, na avae viatu vinavyofunga mguu, si ndala. Mbele ya mtahini aeleze anachokitenda kwa sauti ndogo iliyo wazi, asikimbilie. Akiulizwa asilolijua aseme hajui. Na akianguka, arudi kwenye mazoezi. Ipo kamati iliyomkata kijana gharama za mtihani wa kwanza alioshindwa, na mara ya pili kijana huyo akaona bora atafute njia ya mkato. Ada ya kurudia mtihani ni ndogo kuliko bei ya tairi moja.

Akifaulu, bado kuna jambo la serikali na jambo letu. La serikali ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua kazi za nchi kavu zilizokuwa za SUMATRA. Mamlaka hiyo husajili na kuthibitisha madereva wa magari ya biashara, na gari linalobeba mizigo ya watu kwa malipo linatakiwa kuwa na leseni yake. Chama kinachobeba kabichi za wanachama Jumatatu na saruji ya mwenye duka Jumatano kisijifanye hakijui. La kwetu ni kwamba miezi mitatu ya kwanza dereva mpya asishuke mlima na mzigo bila mzoefu ubavuni. Nasema hivyo ingawa najua kiti hicho mjumbe angependa kukikalia.

Afundishwe pia la kufanya gari likiharibika au likianguka. Majani ya miti tunayoyaweka barabarani husaidia, lakini pembetatu za tahadhari huonekana usiku, majani hayaonekani mpaka yamekwisha kukanyagwa. Azime injini, aweke vigingi, awaondoe watu. Hapa Morogoro hatuhitaji kukumbushwa sana. Tarehe 10 Agosti 2019, hapo Msamvu, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukalipuka, na watu zaidi ya 100 wakafa. Karibu kila mmoja wetu humu ana jirani au ndugu aliyezika siku zile. Dereva wetu habebi petroli, lakini tangi lake lina dizeli, na watu hukimbilia kabichi zilizomwagika kama wanavyokimbilia kitu kingine chochote.

Limebaki swali ambalo najua mnaye moyoni: tukimsomesha, si atatukimbia, aende Dar es Salaam kwenye makampuni? Baadhi watakwenda. Mkataba wa kutumikia chama kwa muda fulani baada ya mafunzo ni halali, nao uandikwe kabla ya ada kulipwa, mbele ya mashahidi, kijana akiwa ameuelewa. Lakini mkataba peke yake haumshikilii mtu ambaye mshahara wake huchelewa miezi miwili na ambaye hulala chini ya gari sokoni kwa kuwa posho haikupitishwa. Someseni wawili kwa wakati mmoja kama mkiweza, vyama viwili jirani vikichangia gharama. Akiondoka mmoja gari halisimami, na wakibaki wote wawili hakuna atakayelazimishwa kuendesha huku anasinzia.

Nitaanza kupita vyamani baada ya mavuno. Mwenye lori nitamwomba daftari tatu: la safari, la matengenezo, na la mazoezi ya dereva mpya, likionyesha tarehe, njia aliyopita, uzito wa mzigo na sahihi ya aliyekaa naye. Hili la tatu vyama vingi havina. Daftari la kawaida la shule, lenye kurasa 96, linatosha.

Mwenye swali na aulize.